Maji ya nanasi na manti kwa sikukuu za wakati wa joto

Ninyi wote wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi na Kambove mnajua: mwezi wa kumi si mwezi wa kucheza nao. Mwezi wa sita na wa saba tulivaa pulovere asubuhi, tukakaa karibu na mbabula. Lakini mwezi wa kumi jakaranda zinamwaga maua barabarani, mvua bado haijafika, na mchana joto linapita digrii 30. Na ndipo tunapopenda kufanya arusi! Kisha mvua inaanza mwezi wa kumi na moja, maembe yanaiva, na mara moja Noeli na Bonane ziko mlangoni.

Kila sikukuu ina swali lake: watu watakunywa nini? Baba wa nyumba anahesabu kasiye za pombe, anahesabu kasiye za sukre, anaona franka hazifiki, anaenda kukopa. Arusi inapita siku ya posho, deni linapiga hodi siku ya kwanza. Mama mmoja wa kwaya aliniambia hivi: "Bageni balikunywa, bakacheza, bakarudia kwabo. Miye njo nilibakia na machupa ya batu na deni." Na tena kuna vijana wetu, ambao mara nyingi wanajifunza kunywa pombe katika arusi za ndugu zao, mbele ya macho yetu, kwa sababu juu ya meza hakuna kitu kingine cha baridi.

Basi leo tunaandika juu ya kinywaji cha matunda na manti. Haina maana kwamba wazee wetu hawakujua kunywa bila pombe ya chupa. Munkoyo iko: uji wa mahindi unatiwa mizizi ya munkoyo, na mizizi ile inageuza unga kuwa utamu. Lakini munkoyo inataka siku yake na mtu anayeijua, na ikikaa inakuwa kali. Maji ya nanasi na manti hata kijana wa miaka 14 anaweza kuyatengeneza, akiangaliwa kidogo.

Maji kwanza

Kabla ya nanasi, kabla ya sukari, tuseme maji. Tusijifiche: kinywaji cha sikukuu kinaweza kulaza watu hospitali. Katika mwanzo wa mwaka 2008 kipindupindu kilipita Lubumbashi na Likasi, na watu wengi hawajasahau vile vitanda vyenye tundu katikati. Ugonjwa ule unaingia kwa maji machafu na kwa mikono michafu. Katika sikukuu ya watu 50, bidoni moja ya maji mabaya inatosha.

Dawa yake ni moto. Maji yakichemka kweli kweli, yaani yanaruka katika nyungu na si kutoa moshi tu, yaache dakika moja hivi, na vidudu vya kipindupindu vimekufa. Wengine wanasema: "Hapana, miye naweka ndimu, ndimu inaua yote." Usitegemee ile. Ndimu ni ya utamu.

Sasa barafu. Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Mama anachemsha maji vizuri, anachuja, anafunika, halafu dakika ya mwisho anatuma mutoto kununua barafu za mifuko kando ya barabara, anazipasua ndani ya ndoo. Baridi haiui vidudu, inavilaza tu. Barafu ikiyeyuka, vinaamka. Kama una frigo, gandisha maji yako mwenyewe yaliyochemshwa. Kama barafu ni ya kununua, iweke nje ya chombo: tia kinywaji katika bidoni safi iliyofungwa, simamisha bidoni ndani ya beseni, zungusha barafu na chumvi kidogo pande zote. Itapoa vizuri, na yale maji ya barafu hayataingia kinywani mwa mtu.

Na bidoni yenyewe? Kwetu katika miji ya migodi kuna mapipa na mabidoni ya plastiki yanayotoka viwandani na kuuzwa sokoni kwa bei ndogo. Yalibeba asidi, yalibeba madawa mengine ya kusafisha shaba. Unaosha mara tatu, harufu inatoka, unafikiri imekwisha. Plastiki imekwisha kunywa dawa ile, na matunda yenye ukali yataitoa polepole. Pipa la namna hii halifai kwa chakula, hata kwa maji ya kunawa mikono halifai. Vilevile usilaze maji ya nanasi na ndimu usiku mzima katika chombo cha shaba au cha aluminiumu. Ukali wa matunda unakula chuma, na shaba iliyoyeyuka inatapisha watu. Nyungu ya aluminiumu ni ya kuchemsha maji tu, yakipoa, hamisha.

Manti unaitoa wapi?

Manti (wengine wanaita nana) ni jani dogo lenye kufanya kazi kubwa. Ina kitu kinachoitwa mentoli. Ajabu yake ni hii: mentoli haipunguzi joto la maji hata kidogo. Inagusa katika ulimi mahali palepale ambapo baridi inagusa, na ulimi unadanganyika unasema, "Baridi!" Mwaka 2002 wataalamu wawili huko Marekani, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa upande wake, walipata ile sehemu ya mwili inayosikia baridi, na wote wawili waliitafuta kwa njia ya mentoli. Mwaka 2021 walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yao juu ya kusikia joto, baridi na mguso. Kwa hiyo siku ambayo umeme umekatika na barafu haiko, manti inakusaidia kidogo.

Lakini jani hili linaota udongoni, na udongo wetu si wa kuchezea. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Upepo ulichukua moshi wake miaka na miaka upande wa Penga-Penga, hata miti ikafa na ardhi ikabaki wazi. Katika mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wale wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi au viwanda walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita wengine. Na mwaka 2018 walitangaza mambo ya Kasulo, katika Kolwezi, pale ambapo watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014 wakaanza kuchimba uani. Vumbi ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti, na watoto ndio walikuwa nayo zaidi.

Nini uhusiano na manti? Uko. Madini yanafika katika jani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vumbi juu ya jani, na hili linatoka kwa maji: osha mara tatu katika maji safi, jani kwa jani, si kuchovya fungu lote na kutoa. Njia ya pili ni mizizi, na hapo hata uoshe siku nzima, kilichoingia kimeingia. Kwa sababu hiyo usichume manti iliyoota kando ya barabara ya malori ya mawe, wala pale ambapo mawe yanatwangwa na kuoshwa, wala katika bustani inayonyweshwa na mto unaopokea maji ya kiwanda. Muulize mama muuzaji: "Mama, hii ulilima wapi?" Si kumtukana. Naye ana watoto.

Kutengeneza

Hesabu ni hii. Watu 50, kila mtu vilauri viwili, kila kilauri sentilitri 20: ni litri 20. Tunatoa hapa vipimo vya litri 10; kwa watu 50 fanya mara mbili.

Unahitaji mananasi 4 makubwa yaliyoiva, machungwa 10, ndimu 10, sukari nusu kilo (weka pembeni kidogo ya kuongeza), tangawisi kipande cha urefu wa vidole viwili, fungu moja zuri la manti, na maji litri 7. Nanasi lililoiva linajulikana kwa pua: nusa chini, upande wa kikonyo. Kama halinuki, subiri. Kama linanuka kama pombe, limepita.

Sugua mananasi kwa brosi na maji safi kabla ya kuyamenya, kwa sababu ngozi yake imelala chini sokoni. Menya. Usitupe ngozi! Tia ngozi na mioyo ya katikati ndani ya yale maji litri 7 pamoja na tangawisi iliyopondwa, chemsha robo saa. Maji yatapata rangi na harufu ya nanasi, na sukari itakayohitajika itapungua. Bamama wanaofanya hivi wanajua faida yake.

Toa nyungu motoni, tia sukari, koroga, kisha tumbukiza manti uliyoiosha. Usiitwange. Manti iliyotwangwa sana inatoa uchungu wa majani, kinywaji kinakuwa kama dawa ya minyoo. Igonge tu kati ya viganja viwili, paa!, na uitie. Funika. Katika dakika 10 maji ya moto yamechukua harufu yote, na vidudu kama vilibaki juu ya jani navyo vimeipata joto yao. Chuja, acha ipoe ikiwa imefunikwa. Manti ikikaa ndani usiku mzima inageuka nyeusi na chungu.

Nyama ya nanasi ikate vipande, iponde. Mwenye mashine ya umeme atumie mashine. Mwenye kinu atumie kinu, lakini si kile cha sombe, tafadhali! Nimekunywa maji ya nanasi yenye harufu ya sombe na mafuta ya ngazi, na bwana arusi mwenyewe aliweka kilauri chake chini polepole. Kamua kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa. Kamua machungwa na ndimu, toa mbegu. Changanya yote na maji ya ngozi yaliyokwisha kupoa, onja, ongeza sukari au ndimu. Kinywaji cha baridi kinaonekana kuwa na sukari kidogo kuliko kilivyo, basi onja tena baada ya kupoa kabla ya kuongeza.

Nawa mikono kwa sabuni kila mara unaporudi kutoka nje, na kisu kilichokata nyama kisiguse nanasi. Kwa kuchota, weka kopo moja lenye mkono mrefu, na mtu mmoja wa kulishika. Vijana wa kwaya wanaweza kazi hii vizuri. Kila mgeni akichovya kilauri chake mwenyewe ndani ya ndoo, kazi yote ya kuchemsha imekuwa bure.

Mgonjwa wa sukari naye ni mgeni wetu. Kabla ya kutia sukari, mwekee pembeni maji ya ngozi yenye tangawisi, tia manti na ndimu ndani yake. Ngozi inaacha utamu kidogo tu; matunda yaliyokamuliwa ndiyo yenye sukari nyingi, na hayo ni heri ayaonje tu.

Mwezi wa kumi na mbili, wakati maembe yanaanguka uani na bei ya nanasi inapanda, weka maembe pahali pa nanasi. Chagua yale yasiyo na nyuzi nyingi, chuja vizuri, ongeza ndimu mara moja na nusu kwa sababu embe ni tamu bila ukali. Ngozi ya embe usichemshe, utomvu wake unawasha watu wengine midomo.

Tengeneza asubuhi ya sikukuu, usitengeneze siku mbili mbele. Katika joto hili maji ya nanasi yakilala nje yanaanza kutoa povu, na ile povu ni pombe inayozaliwa. Na usiyafunge katika chupa ya kioo: chupa zinapasuka. Kilichobaki jioni, gawia majirani.

Mwenye kutaka manti yake mwenyewe, afanye hivi. Kata tawi la urefu wa kidole chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, simamisha katika kikombe cha maji. Katika juma moja au mawili mizizi nyeupe inatokea. Panda katika kopo la maziwa au ndoo mbovu yenye matundu chini, kwa udongo mweusi uliotolewa mbali na migodi na barabara, uchanganye na mbolea ya kuku iliyooza. Manti inapenda maji na kivuli kidogo cha mchana. Iache katika ndoo, maana ukiipanda chini itakula bustani yote. Ikifika urefu wa mkono kata juu, acha vifundo viwili chini, itachipuka tena.