MAMA KIJACHO WA PWANI, CHUMVI YAKO INA NINI?

Wiki hii safu yetu inashuka kusini. Vuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, pita Somanga na samaki wake wa kukaanga, ukifika Nangurukuru waage wauza korosho, kata kushoto uende zako Kilwa Masoko. Au nyoosha mpaka Lindi mjini, mashamba ya chumvi yakikukaribisha kwa weupe wake unaoumiza macho. Huku ndiko samaki wanakoliwa mpaka paka wa mtaani anachagua, huyu nala, huyu simtaki.

Sasa jaribu kumwambia dada wa huku, tena mwenye tumbo la miezi mitatu, kwamba huenda amepungukiwa madini joto. Atakucheka mpaka khanga imdondoke. Eti goita? Si ugonjwa wa watu wa milimani ule, wa kuvimba shingo, wa kule Iringa na Mbeya? Sisi tunaoga bahari, tunakula bahari, hata chumvi yetu inatoka bahari. Hayo madini joto yatukimbie yaende wapi?

Kasheshe inaanzia hapo hapo.

Hebu tupige hesabu kidogo, usikimbie, ni ya darasa la tano tu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35 hivi. Madini joto kwenye lita hiyo hiyo ni kama maikrogramu 60, na maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Hata tuseme yote yanabaki kwenye chumvi (na hayabaki, mengi yanaondoka na maji na hewa), mtu anayekula gramu 5 za chumvi kwa siku atapata kama maikrogramu 9. Mtu mzima anahitaji 150. Mama mjamzito au anayenyonyesha anatakiwa apate 250. Tisa kwa mia mbili na hamsini! Ndiyo maana chumvi ya mawe uliyopimiwa kopo kutoka kwenye gunia, hata kama imevunwa jana mita mia kutoka baharini, haina cha kukusaidia kama hakuna mtu aliyeiongezea madini hayo.

Samaki je? Samaki wa baharini anayo, tusimwonee. Lakini kiasi chake hubadilika sana kutoka samaki hadi samaki, na tuambiane ukweli, wale wakubwa wazuri si wanapakiwa kwenye barafu waende Dar? Mwani ndio una madini joto ya kumwaga. Akina mama wa Songosongo wanaulima, wanauanika, wanauuza, na unasafiri kwenda nje ya nchi. Kwenye sufuria la nyumbani hauonekani.

Na haya si maneno ya kijiweni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliwapima watoto wa shule Zanzibar, visiwani kabisa, bahari pande zote. Pemba, ambako chumvi yenye madini joto ilikuwa karibu haipo majumbani, watoto walikutwa wamepungukiwa na goita wanazo. Huku bara nako, sheria ya kutaka chumvi ya kula iwekwe madini joto ipo tangu katikati ya miaka ya 1990. Lakini tafiti za kitaifa za afya zilizofuata zimekuwa zikiikuta mikoa ya Lindi na Mtwara mkiani kwa nyumba zenye chumvi ya aina hiyo. Sababu haihitaji mpelelezi. Kule bara chumvi inafika ikiwa imepitia viwandani. Huku jirani yako ndiye mvunaji, unapimiwa kwa kopo, bei poa, mchezo umekwisha. Mlango wa karibu na bahari ndio mlango usio na madini joto. Chekesho lakini linauma.

Kwa nini nawaganda akina mama vijacho? Sikiliza. Pale mbele ya shingo, chini ya koromeo, kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Wataalamu wanaiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo udunde vipi, joto liwe kiasi gani. Malighafi yake ni hayo madini joto. Mwanamke akishika mimba, tezi inatakiwa iongeze uzalishaji kwa karibu nusu nzima, kwa sababu sasa inafanya kazi ya watu wawili. Yule mdogo ndani, katika miezi mitatu ya kwanza, hana tezi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Ya kukopa.

Kama malighafi haipo, tezi inavimba ikijitahidi. Hiyo ndiyo goita. Upungufu ukizidi, mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa amekufa, au akazaliwa kiziwi, amedumaa mwili na akili. Hao wanaonekana. Mimi wanaonitisha zaidi ni wale wasioonekana. Mtoto anazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya, anaitwa jina la babu na pilau linapikwa. Miaka saba baadaye darasani hesabu haziingii. Mwalimu anamwita mvivu, baba anachukua fimbo. Nani atakumbuka kuulizia chumvi?

Tena ujanja wa tatizo hili ni kwamba linawahi kuliko kliniki. Wangapi wetu wanakwenda kuanza kadi mimba ikiwa na wiki sita? Mtu anasubiri tumbo litoke kwanza, asije akarogwa. Na vile vidonge vya damu tunavyopewa ni vya madini chuma na foliki asidi, vyema kabisa, vimeze, lakini madini joto hayamo. Kwa hiyo chumvi inabidi iwe sawa kabla hujaanza hata kumfikiria huyo baba mtoto.

Kuna na huyu rafiki yetu muhogo. Kusini bila ugali wa muhogo bado hujala. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ambayo mwili ukiipunguza makali inageuka kitu kinachoizuia tezi kufyonza madini joto. Mwenye madini ya kutosha hatikisiki. Aliyepungukiwa ndiye anayepigwa mara mbili. Nani kasema uache muhogo? Bibi zetu walijua kuuloweka siku kadhaa, kuuvundika na kuuanika mpaka ukauke sawasawa, na hiyo kazi inaondoa sumu nyingi. Anayekosea ni yule mwenye haraka, anamenya asubuhi, anatwanga jioni.

Haya, umejifungua salama. Uko kwenye arobaini, unakandwa, unanyweshwa uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji inakuja kwa zamu. Usidhani tezi imepewa likizo. Maziwa yako ndiyo duka pekee la madini joto la huyo mchanga, kwa hiyo zile 250 bado zinadaiwa.

Halafu kuna jambo jingine ambalo halitokani na chumvi, nalo wengi hawalijui. Kwa baadhi ya wanawake, kama mmoja kati ya ishirini, katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe. Mwanzoni homoni inamwagika nyingi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho, usingizi hakuna, mwili unakwisha. Baada ya wiki au miezi gari linageuka. Uchovu wa ajabu, baridi kwenye jua la Lindi, choo kigumu, nywele zinakatika, mtu analia bila sababu. Mume anasema kawa mvivu tangu azae. Mama mkwe anasema ana shetani, aitwe fundi. Ngoma inapigwa, mbuzi anachinjwa, na tezi iko pale pale haijali ngoma.

Kaka unayesoma ukurasa huu huku ukisubiri wa michezo, hapa nakutazama wewe. Ukimwona mkeo hivyo, mpeleke hospitali, iwe Kinyonga pale Kivinje au Sokoine mjini Lindi, na umweleze daktari wazi kwamba alijifungua miezi kadhaa iliyopita na hali ilibadilika lini. Kipimo chake ni cha damu. Kama hapo hakipo, uliza kinapatikana wapi. Wengi hupona wenyewe ndani ya mwaka, wengine huhitaji dawa, na dawa yenyewe ni kidonge tu cha homoni iliyopungua. Kumnyima mtu kidonge ukampa kipigo, hiyo si sawa bwana.

Turudi jikoni. Nunua chumvi ya paketi iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria, kwa kuwa madini hayo yanapotea kwa joto na unyevu. Tia chumvi chakula kikikaribia kuiva, si tangu maji ya kwanza. Na usije ukasema umeambiwa ule chumvi nyingi! Nyingi inapandisha presha, na presha na mimba haziivi chungu kimoja. Kiasi ni kile kile, badilisha aina. Dada mwenye goita tayari, au anayemeza dawa za tezi, aongee na daktari kwanza, maana madini yakizidi nayo yanaivuruga.

Makungwi wetu nao nawaomba radhi kwa kuingilia darasa lao. Mnamfundisha mwali mambo mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa mhariri akanielewa. Ongezeni somo moja la chumvi.

Na wavunaji wa Kilwa na Lindi, sina ugomvi nanyi, mkate wenu uko pale juani. Waswisi walianza kuweka madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, Michigan kule Marekani wakafuata 1924, na teknolojia yake si ya kurushia roketi. Iodeti ya potasiamu inayeyushwa kwenye maji kwa vipimo, inapulizwa juu ya chumvi, inachanganywa vizuri, basi. Gharama yake kwa mlaji mmoja kwa mwaka mzima ni senti chache za dola. Mkiungana kikundi, dawa mnanunua pamoja na pampu mnagawana. Mkoa mzima unajua kutumia pampu, si tunapulizia mikorosho kila msimu? Ila tafadhali jamani, isiwe ile ile.