Tezi ya pituitari

Tezi ya pituitari ni tezi ndogo yenye ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa takriban nusu gramu, iliyoko chini ya ubongo, nyuma ya pua. Huongozwa na hipothalamasi, nayo huongoza tezi dundumio, tezi za adrenali, ovari na korodani.

Sehemu ya mbele hutengeneza homoni ya ukuaji, prolaktini inayoleta maziwa, na homoni nyingine zinazoamsha tezi hizo. Sehemu ya nyuma huhifadhi tu oksitosini na vasopresini zitokazo kwenye hipothalamasi.

Homoni ya ukuaji ikizidi utotoni, mtoto hurefuka kupita kiasi. Ikizidi ukubwani, mikono, miguu na taya hupanuka. Kwa kawaida chanzo ni uvimbe usio wa saratani.

Katika Afrika Mashariki, ambako kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua bado huua akina mama wengi, unastahili kujulikana zaidi ugonjwa wa Sheehan, uliopewa jina la Mwingereza Harold Sheehan aliyeueleza mwaka 1937. Tezi hii hukua wakati wa ujauzito. Damu ikipungua ghafla, sehemu yake hufa. Mama aliyenusurika hukosa maziwa, hedhi hairudi, naye huchoka na kuhisi baridi kwa miaka, pengine akitibiwa upungufu wa damu tu. Tiba ni vidonge vya homoni maisha yote: kwanza haidrokotisoni, ndipo thairoksini, kwani kuanza na hiyo ya pili peke yake kunaweza kuua.