Lipu ya chokaa na kalenda ya korosho

Minada ya korosho ikishika kasi, maduka ya vifaa vya ujenzi Masasi na Newala nayo huchangamka. Mkulima aliyelipwa huanza na bati, kisha lipu. Tatizo ni kalenda. Minada huanza Oktoba, na malipo mengi huja mvua zikiwa zimekaribia au zimeshaanza, hivyo fundi huitwa harakaharaka na ukuta wa miti na udongo hupakwa saruji ukiwa bado na unyevu. Udongo huvimba na kusinyaa, saruji haiufuati. Lipu hupasuka, maji hupenya kwenye ufa, na siku moja kipande kizima huanguka.

Pwani walijenga kwa njia nyingine. Mikindani, kilometa chache kutoka Mtwara mjini, zimebaki nyumba za wafanyabiashara zilizopangana mtaani, nyingine za ghorofa zenye roshani, za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Mji huo ulidorora baada ya Mtwara kujengewa bandari ya kina kirefu kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, mradi ulioshindwa. Boma la Wajerumani la 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli. Nyumba nyingi za maduka hazikupata bahati hiyo.

Lipu ya chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Mwenye fremu ya zamani anayeiziba kwa saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na rangi hubanduka kila mwaka.

Kwa mkulima, faida kubwa ni uhifadhi. Mfuko wa saruji ukikaa miezi kadhaa penye unyevu huganda, ni hasara. Chokaa iliyolowekwa shimoni na kufunikwa maji huzidi kuwa laini na bora. Newala, ambako maji yamekuwa adha tangu zamani, masika ndiyo wakati wa kuiloweka kwa maji ya paa, ambayo hayanunuliwi. Lipu ipigwe Juni, ukuta ukiwa mkavu.

Chokaa hukauka polepole na humtaka fundi mvumilivu. Msingi na sakafu viachiwe saruji. Inunuliwe ya mifuko, kwani uchomaji wa matumbawe umeharibu mazalia ya samaki. Chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka jembamba, kwanza ukuta wa nyuma.