Ndoo Iliyopasuka Usiitupe: Tengeneza Vyungu vya Maua vya Rangi kwa Gharama Ndogo

Ndoo imepasuka, dumu limetoboka, kopo la rangi limeisha. Vitu hivi huishia shimoni au huchomwa moto nyuma ya nyumba. Lakini ukivisafisha, ukavipaka rangi na kuvijaza udongo, vinaweza kupendeza barazani na hata kukupatia mboga.

Msikilizaji wa Dodoma atauliza mara moja: maji nitatoa wapi? Swali hilo ni la haki. Eneo letu la kati hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo, na kaya nyingi hununua maji kwa dumu. Kwa hiyo tunaeleza namna ya kutengeneza chungu kizuri ambacho hakitakumalizia maji ya kunywa.

Chagua chombo salama

Ndoo ya lita 10 au 20, dumu la mafuta ya kula lililokatwa, kopo kubwa la maziwa, sufuria iliyotoboka au chungu chenye ufa, vyote vinafaa. Usitumie kamwe kopo au dumu lililowekwa dawa ya kuua wadudu au magugu, hata ukiliosha mara kumi. Sumu hubaki, na ukipanda mchicha humo utakuwa unailisha familia yako.

Toboa chini matundu matano au sita kwa msumari wa inchi nne. Kama ni plastiki, pasha msumari moto kwanza ukiushika kwa koleo, ili ndoo isipasuke zaidi. Bila matundu, maji hutuama na mizizi huoza.

Rangi: epuka risasi

Osha chombo kwa sabuni, kikauke, kisha kikwaruze kwa msasa. Rangi haishiki kwenye plastiki laini wala bati lenye kutu. Kwa plastiki na bati, rangi ya mafuta hudumu zaidi. Kwa chungu cha udongo au cha saruji, rangi ya maji au chokaa inatosha, na chokaa ni rahisi kwa bei. Huhitaji kununua kopo jipya: mabaki ya fundi aliyepaka nyumba ya jirani yanatosha vyombo vingi.

Hata hivyo, angalia kopo la rangi. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, hasa ubongo. Chagua rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi. Mabaki usiyoyajua asili yake yaache. Rangi ya zamani inayobanduka usiipige msasa, vumbi lake ni hatari.

Paka nje tu, ndani acha kama kulivyo. Paka mkono wa kwanza, subiri ukauke, kisha paka wa pili. Kwa jua letu, nyeupe, njano na rangi nyingine nyepesi ni bora kuliko nyeusi, kwa sababu chombo cheusi hushika joto na kuunguza mizizi. Ukitaka mapambo, chora mistari au nukta kwa kijiti kilichofungwa kitambaa.

Udongo na mimea

Changanya sehemu mbili za udongo wa shambani, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mmea. Weka vipande vya chungu juu ya matundu ili udongo usitoke, kisha jaza ukiacha vidole vitatu juu.

Kwa anayeanza, mshubiri ni mmea mvumilivu, unaweza kukaa siku nyingi bila maji. Kwa mboga, panda mchicha au vitunguu vya majani. Ukishapanda, funika udongo kwa maganda ya karanga au nyasi kavu. Hapo jua halitafyonza maji haraka.

Maji ya kumwagilia

Tumia maji uliyooshea mchele, mboga au matunda. Maji yenye sabuni nyingi usiyamwage kwenye mboga. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, na kwanza ingiza kidole kwenye udongo: kikitoka na unyevu, subiri hadi kesho.

Visima vingi vya kwetu vina maji ya chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi inayojikusanya, nayo hudumaza mmea. Mvua ikinyesha, toa vyungu nje ili maji ya mvua yaioshe chumvi itoke kupitia matundu ya chini.

Weka vyungu juu ya mawe au matofali, mchwa wasifikie kwa urahisi, tena mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki. Kama umeweka sahani chini yake, imwage kila baada ya siku mbili au tatu. Mbu, wakiwemo wanaoeneza dengue, huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama ndani ya sahani, makopo na matairi.

Anza na chombo kimoja wiki hii. Kikikaa mwezi mzima bila mmea kunyauka, na maji ya kunywa hayajapungua ndani, ongeza cha pili. Baraza hupendeza kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba.