CHEMSHA BONGO YA MFANYAKAZI: MASWALI NANE NA MAJIBU YAKE



Katika toleo hili ukurasa wetu wa Kiswahili unaleta chemsha bongo. Wengine watasema huu ni mchezo wa watoto wa shule, na kwamba mtu aliyechuma chai tangu alfajiri hana haja ya kujua nani aliimba wapi mwaka gani. Nitaeleza kwanza kwa nini nadhani haja ipo, kisha tuingie kwenye maswali.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa wajumbe watano mbele ya meneja wa kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Tulikwenda kuuliza kwa nini wenzetu waliofanya kazi siku ya Mei Mosi walilipwa kama siku ya kawaida. Meneja akatabasamu, akasema: "Mei Mosi ni zawadi ya kampuni. Mwenye kutoa zawadi anaweza kuirudisha mfukoni." Tukatazamana. Kila mmoja wetu alihisi kwamba neno lile si kweli, lakini hakuna aliyejua siku ile ilitoka wapi. Mimi niliishia darasa la sita, na nilinyamaza kama wengine. Tukatoka na mikono mitupu. Hatukushindwa kwa sheria wala kwa nguvu, tulishindwa kwa kutojua jambo moja dogo la historia.

Tangu siku ile nina daftari. Kila nikisikia jambo nauliza: lilitokea lini, wapi, na nani alilifanya? Haya ni baadhi ya yaliyomo. Soma swali, funika jibu kwa kiganja, jaribu kwanza mwenyewe.

SWALI LA 1: Sikukuu ya Mei Mosi ilitoka wapi?

Ilitoka Marekani, katika mji wa Chicago. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi mamia ya maelfu katika miji mbalimbali ya nchi ile waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8. Wakati ule saa 10 au 12 kwa siku, hata zaidi, lilikuwa jambo la kawaida. Tarehe 3 Mei polisi waliwapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Kesho yake watu wakakusanyika katika uwanja wa Haymarket kulalamika. Polisi walipokuja kuwatawanya, bomu likatupwa, na mpaka leo aliyelitupa hajajulikana. Polisi na raia wakafa. Viongozi 8 wakahukumiwa bila kuthibitishwa kwamba walilitupa. Wanne walinyongwa Novemba 1887, mmoja alijiua gerezani, na watatu waliobaki wakasamehewa mwaka 1893 na gavana aliyesema wazi kwamba kesi ile haikuwa ya haki.

Mwaka 1889 mkutano wa wafanyakazi wa nchi nyingi uliofanyika Paris uliamua kwamba tarehe 1 Mei 1890 wafanyakazi wa dunia wasimame pamoja kudai saa 8. Kutoka hapo siku hiyo ikaenea. Jambo la kushangaza ni kwamba Marekani yenyewe husherehekea Siku ya Wafanyakazi mwezi wa Septemba. Basi, mtu akikuambia Mei Mosi ni zawadi ya kampuni, unalo jibu. Ililipiwa kwa damu kabla babu yake hajazaliwa.

SWALI LA 2: Timu ya Arsenal ilianzishwa na nani?

Swali hili limevunja urafiki mwingi katika kantini za Kigali. Wapo wanaosema ilianzishwa na bwanyenye, wengine wanasema na mfalme wa Uingereza. La. Ilianzishwa na mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, London, mwaka 1886, yaani mwaka ule ule wa Chicago. Ukikumbuka mmoja umekumbuka yote miwili. Karakana yao iliitwa Dial Square, na timu ilianza kwa jina hilo. Ule mzinga ulio kwenye nembo yao ni alama ya kazi ya waanzilishi.

Wala si Arsenal peke yake. Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. West Ham ilitokana na timu ya kiwanda cha kuunda meli cha Thames Ironworks, iliyoanzishwa 1895, ndiyo sababu nembo yake ina nyundo mbili. Leo timu hizi ni mali ya matajiri wakubwa, na tangu mwaka 2018 mikono ya jezi za Arsenal ikatangaza utalii wa nchi yetu. Lakini chanzo chake ni watu waliotoka kazini na mafuta ya mashine mikononi, wakachanga senti zao kununua mpira. Wanaosema mfanyakazi hawezi kuanzisha kitu kikadumu, waulizeni habari hizi.

SWALI LA 3: Ni kiongozi gani wa chama cha wafanyakazi aliyewahi kuwa mwigizaji wa sinema, kisha akawa Waziri Mkuu?

Ni Rashidi Mfaume Kawawa wa Tanganyika. Katika miaka ya 1950 aliigiza katika sinema iitwayo Muhogo Mchungu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake. Mwezi Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama cha TANU, Kawawa akashika nafasi yake. Alifariki mwaka 2009.

SWALI LA 4: Mgomo mkubwa wa Mombasa ulikuwa mwaka gani, nao ulifanywa na nani?

Ulikuwa Januari 1947. Makuli wa bandarini, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani, jumla yao wapata 15,000, waliacha kazi kwa pamoja. Ubora wa mgomo huu ni kwamba haukuwa wa kazi moja tu. Mpishi wa nyumbani alisimama pamoja na mpakuzi wa meli. Walikutana kila siku mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, wakisikiliza hotuba na kupashana habari. Mgomo ulidumu siku 12 hivi, na baadaye mishahara ikaangaliwa upya na kuongezwa. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka ule ule, akapelekwa kizuizini mbali na pwani kwa miaka mingi.

Watu wengi wanalijua jina la gavana fulani au la mfalme fulani. Ni wachache wanaolijua jina la Kibachia. Haya, liandike.

SWALI LA 5: Neno "akazi" la Kinyarwanda lilitoka wapi?

Lilitoka katika Kiswahili: kazi. Na namna lilivyoingia si habari ya kufurahisha. Neno la zamani la Kinyarwanda ni umurimo, na ndilo tunalolitumia kwa sikukuu yetu, Umunsi w'Umurimo. Wakati wa Wabelgiji "akazi" lilikuwa jina la kazi ya lazima, yaani kuchimba barabara, kupanda miti na kubeba mizigo bila hiari. Kahawa, ambayo wamisionari walikuwa wameipanda huko Mibirizi mwanzoni mwa miaka ya 1900, katika miaka ya 1930 ilifanywa zao la lazima. Asiyelima alichapwa kiboko. Watu wengi walikimbilia Uganda kutafuta vibarua katika mashamba ya kule, kwa kuwa kule angalau walilipwa.

Leo mtu akipata "akazi" anashukuru Mungu na kuwapigia simu jamaa zake. Neno lile lile, maana imegeuka. Maana haikugeuka yenyewe. Iligeuka kwa sababu kazi ilikuja kuwa na mshahara, mkataba na sheria. Pale penye kazi bila mkataba wala mshahara wa uhakika, neno linarudi kwenye maana yake ya zamani.

SWALI LA 6: Ni mwanamke gani aliyeuza vyungu, kisha akawa mwimbaji maarufu wa Afrika Mashariki?

Ni Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliokuwa watumwa. Alitembeza vyungu akiuza, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyomtambulisha kwa watu. Alihamia mjini akafunzwa kuimba. Wakati huo taarabu ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu, naye akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Hakuimba mapenzi tu. Aliimba pia jinsi mnyonge anavyoonewa mahakamani huku mwenye fedha akiponyoka. Alifariki mwaka 1950, na habari za maisha yake ziliandikwa na Shaaban Robert, mshairi ambaye naye alifanya kazi ya ukarani katika idara ya forodha.

SWALI LA 7: Imigongo hutengenezwa kwa kitu gani?

Kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Msanii huichora kwa vidole katika mistari iliyoinuka, huiacha ikauke, huisugua, kisha huipaka rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Asili yake ni Gisaka, mashariki ya nchi yetu, na masimulizi yanasema mwanzilishi wake ni Kakira mwana wa Kimenyi, aliyepamba kuta za nyumba kwa mapambo hayo. Ni sanaa iliyofanywa na wanawake majumbani, na baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ilikaribia kupotea. Wanawake wa Nyakarambi, katika wilaya ya Kirehe, waliunda ushirika na kuifufua. Ukiona leo picha hizo kwenye ukuta wa hoteli kubwa, kumbuka kwamba nyuma yake kuna mikono ya wajane na ya akina mama waliojiunga pamoja.

SWALI LA 8: Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika mara ya kwanza lini, na wapi?

Hapa hapa Kigali, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025. Mshindi wa mbio kuu za wanaume alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, na wa wanawake Magdeleine Vallieres wa Kanada. Wanaume walipanda pia mlima wa Kwa Mutwe, pale Nyamirambo. Mashindano yetu wenyewe ya kuzunguka Rwanda yalianza mwaka 1988, yakasimama wakati wa vita, yakarudi 2001.

Lakini ule mlima wa Kwa Mutwe haukusubiri wazungu wenye baiskeli nyepesi. Kwa miaka mingi umepandwa na vijana wenye baiskeli za chuma nzito, wakisukuma magunia ya viazi, ndizi na makaa. Hao hawakuvikwa nishani. Tuwavike angalau heshima tunapopishana nao barabarani.

NAMNA YA KUCHEZA KAZINI

Ndugu, chemsha bongo hii inaweza kuchezwa wakati wa chakula, au mnaposubiri mizani ya chai. Masharti ni matatu tu. Kwanza, jibu liwe na mwaka na mahali, kwa kuwa jibu lisilo na mwaka ni uvumi. Pili, asiyejua aseme "sijui", wala asichekwe. Anayecheka ndiye atakayeulizwa swali linalofuata. Tatu, asiyejua kusoma asomewe, naye apewe zamu ya kuuliza. Wazee wetu wana maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Namalizia habari niliyoianza. Mwaka uliofuata tulirudi kwa meneja yule yule kwa jambo lile lile. Safari hii miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja mchuma chai, ambaye habari ya Chicago aliisikia kwa masikio tu, wakati wa kucheza. Meneja alipoanza tena habari ya zawadi, mama akasema kwa upole: "Bwana Meneja, mwaka 1886 kampuni yako ilikuwa wapi?" Kikao kizima kikacheka, na meneja naye akacheka. Kisha akaita karani alete daftari la mishahara, tukaanza kuzungumza kama watu. Siku ile wenzetu walilipwa haki yao.

Maswali ya toleo lijalo ni haya. Moja: ni shirika gani linaloshughulikia mambo ya kazi duniani lililopata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1969? Mbili: timu ya taifa ya Rwanda ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka gani? Tatu: mashamba ya kwanza ya chai ya biashara nchini Rwanda yalianzishwa wapi? Mpelekee mjumbe wako majibu, pamoja na swali moja lako mwenyewe.

Elimu haina mwisho, na umoja ni nguvu.