Kinachoimaliza Paipu ya Breki

Bodi ya Land Rover ya zamani inadanganya. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Leo bodi hiyo inapakwa rangi na kung'aa, huku chini yake chesisi na paipu za breki, vyote vya chuma, vikiliwa na kutu kila tope linapoganda. Anayelifufua gari hilo aanzie chini. Magari ya awali ya aina hiyo yana njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne: paipu ikitoboka popote, breki zote zimekwenda.

Hebu tupige hesabu. Mguu unakanyaga kwa nguvu ya kilo 30, wenzo wa pedali unaizidisha mara 5, na pistoni ya masta silinda yenye kipenyo cha milimita 19 inasukumwa kwa kilo 150. Mafuta hayabonyei. Yanapeleka shinikizo lile lile kila upande, zaidi ya kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, yapata mara 25 ya upepo wa tairi. Paipu yenyewe haifiki milimita 5 kwa unene! Hata hivyo, ikiwa nzima, inalimudu shinikizo hilo bila shida. Kinachoimaliza, kutu ikishadhibitiwa, ni mtikisiko.

Bana rula ukingoni mwa meza uipige kwa kidole. Ukiacha sehemu ndefu, inapepea polepole; ukiifupisha, inatetema upesi na kwa mwendo mdogo. Paipu nayo ni vivyo hivyo: nafasi kati ya klipu mbili ikipunguzwa nusu, kasi yake ya asili ya kutikisika hupanda mara 4, ikaupita mtetemo wa injini na barabara mbovu. Ndiyo maana mimi siachi zaidi ya sentimita 30 kati ya klipu na klipu, na kila klipu iwe na mpira ndani, chuma kisisagane na chuma.

Mafundi wengi hupenda shaba tupu kwa kuwa inakunjika kwa mkono. Naikataa. Shaba ikitikiswa huwa ngumu, kisha hupasuka, kama waya unaokunjwa huku na huku. Shaba iliyochanganywa na nikeli, asilimia 10 hivi, inakunjika vizuri, haipati kutu na inavumilia mtikisiko.

Paipu ipite ubavuni mwa chesisi, juu ya ukingo wake wa chini ili mawe yasiifikie, na mbali na ekzosi: mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Kati ya chesisi na ekseli ya nyuma, inayopanda na kushuka na springi, funga mpira wa breki, kamwe si paipu ngumu.

Paipu zikishafungwa na hewa kutolewa ndani yake, mmoja akanyage pedali na kuishikilia, mwingine awe chini na tochi. Nati ya paipu yenye unyevu hata kidogo ifunguliwe, ncha ya paipu ipanuliwe upya; isikazwe tu zaidi kwa matumaini.