Ratiba ya Silabasi na Ratiba ya Ubongo

Mwanafunzi wa chuo aliyefikia kiwango cha kati cha Kijerumani, kile kinachoitwa B1 katika vipimo vya Baraza la Ulaya, huwa anaijua vizuri kanuni ya nafasi ya kitenzi. Mwulize, naye atakueleza: katika sentensi kuu kitenzi hukaa nafasi ya pili, na katika kishazi tegemezi hupelekwa mwisho. Mwache sasa azungumze, utamsikia akisema *Heute ich gehe in die Bibliothek* badala ya *Heute gehe ich*. Alama zinakatwa, na mwanafunzi anaambiwa ni mzembe. Hukumu hiyo haina msingi. Kosa la namna hii mara nyingi huonyesha hatua aliyofikia mwanafunzi, na hatua hizo hazifuati sura za kitabu.

Ushahidi wake si wa jana. Kuanzia miaka ya 1970, Jürgen Meisel, Harald Clahsen na Manfred Pienemann waliwachunguza wafanyakazi wahamiaji, wengi wao Waitaliano na Wahispania, waliookota Kijerumani kazini na mitaani. Karibu wote walipita njia moja. Walianza na kiima, kitenzi, yambwa. Kisha wakaweza kutanguliza neno kama *heute* bila kukihamisha kitenzi. Baadaye wakatenganisha kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, *ich habe ein Buch gekauft*. Ndipo wakaweza kukiweka kitenzi mbele ya kiima, na mwisho kabisa kukisukuma hadi mwisho wa kishazi, *weil ich keine Zeit habe*. Pienemann alieleza kwamba kila hatua huitaka akili ishikilie habari nyingi zaidi kwa wakati mmoja, na hatua moja hujengwa juu ya nyingine. Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa hili upesi: ukianza na "leo", kitenzi chako hakihami, na "kwa sababu" haibadilishi chochote katika mpangilio, kwa hiyo kila uhamisho wa kitenzi ni mzigo mpya kwake.

Mtu anaweza kudai kwamba wale walikosa mwalimu tu. Jibu lilitoka Geneva, ambako Erika Diehl na wenzake walichambua insha za wanafunzi wazungumzaji wa Kifaransa waliofundishwa Kijerumani shuleni. Kitabu chao kilitoka mwaka 2000, na jina lake, *Alles für der Katz?*, lina kosa la makusudi: *der* pale panapotakiwa *die*. Waliona kwamba dativu, umbo la yambwa tendewa, hufundishwa mapema, lakini wanafunzi walianza kwa kutumia umbo moja kila mahali, wakatenga kwanza kiima na yambwa, na dativu ikaja mwisho, silabasi iseme isemavyo. Hata hivyo, Geneva kishazi tegemezi kilitangulia ule ugeuzaji wa kiima na kitenzi, kinyume cha wahamiaji. Kwa hiyo ngazi hizi si msahafu. Stefanie Haberzettl naye alionyesha kwamba watoto wa Kituruki, ambao lugha yao huweka kitenzi mwisho, walikimudu kitenzi cha mwisho mapema kuliko wenzao wa Kirusi. Lugha ya mama ina sauti yake, ila haifuti ngazi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama akili ina ratiba yake, darasa la nini? Pienemann alilijaribu kwa watoto wa Kiitaliano nchini Ujerumani, akiwafundisha ugeuzaji. Aliyekuwa hatua moja nyuma aliupata haraka. Aliyekuwa mbali zaidi hakuupata. Kufundisha kunasaidia, basi, mradi kumkute mwanafunzi mlangoni. Mtihani wa kuandika mara nyingi hauonyeshi kama yuko mlangoni, kwa sababu humpa muda wa kuikumbuka kanuni na kuipachika. Mazungumzo hayampi muda huo. Ndiyo maana mtu anaweza kupata alama nzuri kwenye karatasi na kubabaika mbele ya Mjerumani, bila kuwa amedanganya popote.

Idara zinazofundisha kiwango cha kati zinaweza kuanza na jambo dogo: kurekodi dakika chache za mazungumzo ya kila mwanafunzi mwanzoni na mwishoni mwa muhula, na kutazama kitenzi kinakaa wapi. Aliyetoka *ich gehe heute* akafika *heute ich gehe* bado amekosea, lakini amesogea mbele, na anastahili kuhesabiwa hivyo.